Chupa Aliyopewa Verna

Verna Hnatiuk alikuwa na tabia moja ambayo haikumtoka: kila jambo aliliuliza mara mbili. Nyumbani kwao Manitoba, kwenye shamba la nguruwe, baba yake alizoea kumwambia, "Mwanangu, wewe hata ukipewa mkate utauliza kama ni mkate." Meza nzima ilicheka, naye alicheka pamoja nao, kisha akapitisha sahani ya pierogi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, huku akiuliza kama zimekolea chumvi.

Ndoto yake ilikuwa kuwa mfamasia. Lakini njia ya kwenda huko ilipita kwenye mlango mmoja tu, nao ni maabara ya kemia ogania ya Daktari Ambrose Thiessen. Alikuwa mtu mrefu, vidole vimebabuliwa na asidi, na wanafunzi walimwogopa kuliko baridi ya Januari. Hakuwahi kupaza sauti. Ukimpelekea neli ya majaribio iliyogeuka rangi isiyotakiwa, aliitikisa kidogo, akaitazama kwenye mwanga, akakuuliza taratibu, "Mama yako anajua uko hapa?" Halafu huyo, kaenda zake.

Muhula wa kwanza walijifunza mimenyuko ya kemikali. Verna aliipenda, hata akashangaa. Siku alipopasha moto neli yake ya aldehaidi na myeyusho wa fedha, fedha ikatanda ndani ya kioo, ikang'aa, akajiona uso wake umo humo, mdogo na umepinda. Alitabasamu peke yake kama mwehu.

Muhula wa pili mambo yakabadilika. Kila mwanafunzi alikabidhiwa kichupa kisicho na jina, akaambiwa: hii ni kampaundi, itambue. Ichome, ichemshe, iyeyushe, ifanyie majaribio yote, kisha uje useme ni nini. Corey Lavallee, aliyefanya kazi meza moja na Verna, alifungua chake, harufu ya lozi chungu ikampiga puani, akacheka. "Yangu imejitaja yenyewe!"

Ya Verna haikujitaja. Ilikuwa angavu, haina harufu. Alidondosha kidogo kwenye kisahani, akawasha kiberiti, akakisogeza. Kiberiti kikalia chwii, kikazimika. Alirudia, kikazimika tena. Alipoichemsha, kipimajoto kilipanda mpaka nyuzi mia kikatulia hapo.

Corey akachungulia. "Bwana wee, hayo si maji hayo?"

"Nyamaza, Corey. Nani atatoa maji kwenye mtihani?"

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Akajikaza, akamwendea Daktari Thiessen mbele ya darasa.

"Samahani, Daktari. Hii yangu haiwaki. Inawezekana... inawezekana ikawa ni maji?"

Thiessen akaweka kalamu chini. "Binti Hnatiuk, nimefundisha hapa tangu hujazaliwa. Unadhani nakuja asubuhi na baridi hii kujaza chupa kwenye sinki?"

Darasa likaangua kicheko.

"Hapana, Daktari. Ila haiwaki."

"Labda kiberiti kibovu. Labda mikono ndiyo mibovu. Nenda kafanye kazi."

Alirudi mezani masikio yakiwaka moto. Akafungua kitabu cha majedwali, akatafuta kinachochemka karibu na nyuzi mia, kinachochanganyika na maji, kinachokataa karibu kila jaribio. Kimoja tu kilifaa: dioksani. Tatizo ni kwamba dioksani huwaka, na ukiitumbukiza kwenye barafu hugeuka jiwe upesi. Akazamisha neli yake kwenye bakuli la barafu, akangoja. Aliitoa, akaiinamisha, nayo ikateleza ndani ya kioo kama kawaida. Akairudisha, akaitoa tena. Ikateleza.

Hapo ndipo Verna alipochukua kalamu. Aliandika: inawaka. Aliandika: inaganda. Chini yake akaandika dioksani, akapiga mstari.

Kipindi kilichofuata Thiessen alimwita mbele, asome majibu yake. Akasoma.

"Iliwaka?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mwali wa rangi gani?"

"Wa... wa samawati."

"Na ikaganda, ukaona kwa macho yako mwenyewe."

"Ndiyo."

Thiessen akakichukua kile kichupa, akafungua kizibo, akakiinua mdomoni, akakinywa chote. Wasichana wa nyuma wakapiga kelele. Corey akaruka kutoka kwenye kiti chake. Thiessen akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Maji," akasema. "Ya sinki lile pale. Dioksani ni sumu, binti. Wenzako wamepiga yowe. Wewe umesimama kimya unanitazama. Ulijua."

"Nilikuuliza," Verna akasema, sauti ikitoka kama ya mtoto. "Nilikuuliza kabisa, mbele ya watu wote."

"Uliniuliza mimi. Chupa ilikuwa imeshakujibu."

Alipewa sifuri, na jina lake likapelekwa kwenye kamati ya udanganyifu. Mwaka ukapotea. Nyumbani hakuna aliyemgombeza. Baba yake aliacha tu kumtania mezani, na kimya hicho kilimchoma kuliko kofi.

Alirudi kurudia somo, kwa mwalimu yuleyule, maana hapakuwa na mwingine. Thiessen alimpa kichupa chenye ketoni, akaitambua upesi bila kumuuliza mtu chochote. Tabia ile ilikuwa imekufa.

Meza yake sasa alichangia na Marlene Fehr, mjane kijana mwenye kigugumizi, ambaye hata akigonga kiti alikiomba radhi. Asubuhi moja Verna alisikia kiberiti kikilia chwii kwenye kisahani cha Marlene. Kikalia tena.

"Da... dada Verna," Marlene akanong'ona, "hii ya kwangu ha... haitaki kuwaka. Wewe unaionaje?"

Verna akatazama. Dirishani Thiessen alikuwa amewapa mgongo, ametulia tuli, kichwa kimeinama upande wao kama anayesikiliza. Verna alilijua jibu, nalo lilikuwa neno moja tu, jepesi. Akafikiria alama zake. Akafikiria pia, wala hakujifichia nafsini, kwamba yeye hakuna aliyelijua jibu akamwambia.

"Kamuulize Daktari," akasema.

Marlene akaenda. Darasa likacheka. Kipindi kilichofuata akaitwa mbele, akasoma majibu ya kubuni, na Thiessen akanywa. Marlene alikusanya vitu vyake huku machozi yakimdondokea kwenye koti, akatoka, na chuoni hakuonekana tena.

Wakati wa kufunga maabara Thiessen alipita kando ya Verna. "Umekomaa," akamwambia, na barua ya kumpendekeza kwa chuo cha famasi aliiandika mwenyewe.

Wiki iliyofuata Verna alihamishia vyombo vyake upande wa Marlene, kwa kuwa ule ulikuwa na nafasi zaidi, na jua la asubuhi liliufikia.