Gunzi Kwenye Bomba la Moshi

Gari langu lilipata blanketi la pili kabla ya mimi na mke wangu kupata letu la pili. Maneno hayo ni ya mke wangu, si yangu, lakini nimeyapima na sina la kujitetea.

Lilikuwa gari dogo la Kifaransa, rangi ya chai yenye maziwa mengi, gia zake ziko kwenye usukani. Nililinunua kwa mwalimu mstaafu wa Bungoma, miaka ile simu za mkono zilipoanza kuonekana hata sokoni Myanga, na watu wenye akili walikuwa wananunua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa. Nyumbani kwetu Kitale nikaligawia nusu ya stoo ya mahindi. Lilitoka Krismasi, na kukiwa na matanga ya mtu wa karibu. Siku nyingine zote lilikaa juu ya mawe manne ili magurudumu yasiharibike, na betri ikalala chumbani kwetu, chini ya kitanda, isipigwe na baridi. Jumapili baada ya kanisa nililiwasha, nikainamisha kichwa nalisikiliza kama daktari, halafu nikalizima. Nilichokuwa nasikiliza sikijui hadi leo.

Shida ilikuwa panya. Walikuja kwa sababu ya mahindi, wakashiba, wakaanza kujenga ndani ya bomba la moshi. Mtu mwingine angetafuta kifuniko. Mimi nilikuwa na rundo la magunzi nje ya mlango, kwa hivyo nikachagua gunzi nene, nikalisukuma kwenye bomba mpaka likakaza. Jumapili nalitoa, nikimaliza kusikiliza nalirudisha. Nilijiona nimevumbua kitu. Nakumbuka hata nilimwonyesha pasta.

Basi shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu, akawa anafunga ndoa Bungoma mjini. Kwenye mkutano wa harusi wakauliza nani atamleta mama kutoka Tongaren. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kila mtu alinitazama, kwa sababu kwetu sisi wenye asili ya Bungoma, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawaongei ana kwa ana. Kanisa limelegeza mengi, lakini hilo mama mkwe wangu hakuwa amelilegeza hata kidogo.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia tukirudi, "si uache tu akodishiwe gari?"

"Akodishiwe, na gari liko?"

"Liko, limelala. Sawa. Lakini nisikize vizuri. Likimkwamisha mama yangu barabarani, Jumatatu naita wale watu wa kununua vyuma. Na mahindi yanarudi kwa stoo."

Nikakubali. Lazima niseme alikuwa na haki. Misimu miwili mahindi yetu yalinyeshewa nje chini ya turubai lililotoboka, huku gari likiwa ndani, limefunikwa.

Asubuhi ya harusi nililishusha kwenye mawe, nikafunga betri, nikavuta gunzi. Likatoka. Lilionekana fupi kidogo, lakini nilikuwa na tai shingoni, na mke wangu alikuwa ananiita. Nikalitupa.

Kutoka Kitale gari lilikuwa zito, linakohoa. "Linapasha damu tu," nikasema. Mke wangu alihesabu tu vichochoro vya kwenda kwa wanunuzi wa vyuma, hivyo ndivyo nilivyomsoma. Pengine nilimsoma vibaya.

Tongaren, mama mkwe wangu alitoka na gauni la kitenge na kibeti kipya cheupe. Akaingia nyuma, upande ulio mbali na mimi, akajitanda leso kichwani na kugeuza uso dirishani. Tulienda hivyo, mwendo wa ng'ombe. Boda boda wa baiskeli, amebeba mama na gunia la viazi, akatupita akipiga kengele.

"Muulize mwenye gari," mama mkwe akamwambia binti yake, "ile baiskeli inatumia mafuta gani?"

"Mama anauliza..."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Si haongei na wewe."

Kabla ya kufika lami kuna kilima kidogo. Tulikipanda kwa maombi. Juu kabisa, pale penye tambarare, gari likavuta pumzi moja na kunyamaza. Nikawasha. Likakohoa, likanyamaza. Nikafungua boneti nikaangalia ndani kwa heshima, nikaifunga.

"Jumatatu," mke wangu akasema polepole.

Ilibaki kusukuma. Kwa vile mama mkwe hangeweza kusukuma bega kwa bega na mimi, na hajawahi kushika usukani, ikawa mimi mwanaume nikae ndani kwa suti na wanawake wawili wa harusi wasukume. Nilijaribu kupinga. "Mwambie ashike usukani wake, tuchelewe au tusichelewe?" mama mkwe akasema. Nikaingia.

Wakasukuma. Gari likaanza kuteremka, nikaachia klachi, injini ikashika, halafu nyuma kukalia pwaa! kama bunduki. Mara gari likapata nguvu ambazo sikuwahi kuzisikia Jumapili yoyote. Nikasimama, nikageuka. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye nyasi. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama, kibeti cheupe kikiwa na duara jeusi katikati, na mkononi ameshika nusu gunzi linalotoa moshi.

Mtu kumgonga mama mkwe ni jambo la kuita wazee na kutafuta kondoo wa utakaso. Nikabaki nimeshika usukani, nikijiuliza kama kibeti kinahesabiwa kuwa sehemu ya mwili.

"Mama, umeumia?" mke wangu akauliza akiinuka.

"Siko na kidonda." Akaligeuza gunzi. "Hili lilikuwa wapi?"

Mke wangu akaniangalia. Nikaeleza habari ya panya, yote, mpaka pasta. Akamweleza mama yake, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

"Sasa unaona, mama," mke wangu akasema. "Limekukwamisha. Jumatatu linaenda."

"Limesimama, ama limesimamishwa?" Mama mkwe akarudi kwenye kiti chake na kujitanda leso. "Gunzi halitembei, binti yangu. Ukiuza, uza aliyelitia. Sasa mwambie aendeshe."

Bungoma tulifika wakati maharusi wanaingia kanisani. Jumatatu hakuna aliyeitwa. Mke wangu aliheshimu neno la mama yake, ila mahindi yalirudi stoo, na gari likahamia chini ya turubai. Naona hiyo ilikuwa haki.

Mama mkwe hajapanda tena gari langu. Lakini kila mavuno, wajukuu wakitoka Tongaren na viazi vitamu, kuna gunzi moja limefungwa peke yake kwenye gazeti. "Nyanya amesema ni la baba." Miaka yote hii hajaniambia neno hata moja, na mila haimruhusu kunitania. Hilo gunzi ndilo neno lake.

La mwaka huu ni nene, limekauka vizuri. Nimelijaribu kwenye bomba, linaenea. Nimelitoa tena, nikachuchumaa nikachungulia kama limetoka lote.