Plasma Iliyovuma Mau Narok

Kiprugut alipopofuka hakuacha kutazama mbio. Mkewe, Chelagat, ndiye aliyekuwa macho yake. Yeye alimwambia nani yuko mbele na nani anachechemea, na mzee akasikiliza mtangazaji, mashabiki, na uwanja ukitulia, vishindo vya miguu. Redio haikumfaa, ilitaja matokeo tu, baada ya bei ya mbolea. Sasa binti yao Jepkorir alikuwa akimbie Nairobi Jumamosi hiyo ya Julai 2008, mbio za kuteua timu ya taifa, na Kiprugut alitaka kitu kimoja: kuzisikia mwanzo hadi mwisho.

Televisheni ingenunuliwa kwa zamu ya Chelagat katika chama cha kuchangiana cha wanawake wanaouza viazi na kabeji sokoni Nakuru. Chama hicho hakimpi mtu pesa mkononi, bwana asije akazinyakua. Wote huandamana naye hadi dukani. Na kila mmoja hununuliwa kitu kilekile, aina ileile. Jambo hili la pili lilikazwa sana baada ya Januari, watu walipochomeana nyumba kwa ajili ya uchaguzi. Wakikuyu, na Wakalenjin kama Chelagat, walibaki chama kimoja, lakini walikwenda polepole, kama watu wawili waliobeba sufuria ya uji moto. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba fulani amependelewa.

Dukani, Ranjan mwenye duka aliwasha televisheni mbili ubavu kwa ubavu, plasma na LCD.

"Unakaa wapi, mathe?" alimuuliza Chelagat.

"Mau Narok."

"Basi chukua LCD. Plasma ndani iko gesi, na huko juu hewa ni nyepesi. Itavuma. Hapa town haina shida."

Wangeci, mwenyekiti wa chama, Mkikuyu wa Lanet, aliguna. "Boss, sema tu hiyo LCD imekudodea. Sisi wote tumechukua plasma."

"Chukueni LCD," Kiprugut akasema kutoka kwenye kiti alichoketishwa mlangoni.

"Mzee," Wangeci akamjibu, "na wewe hiyo tofauti utaionea wapi?"

Wakacheka. Chelagat naye alicheka, kwa kuogopa kubaki peke yake, lakini kicheko ni kicheko. Kiprugut alikitambua katikati ya vile vingine vyote. Wakanunua plasma kama ya wengine, wakapanda nayo Mau.

Nyumbani ilivuma kama nzi aliyefungiwa chupani. Ukiongeza sauti, mtangazaji alipiga kelele na nzi akabaki palepale. Chelagat akasema, kwa sauti ndogo, kwamba picha ilikuwa safi sana.

"Picha mpelekee Wangeci."

Wangeci aliitwa, akaja Alhamisi, viatu vimejaa matope na uso umekunjwa. Kiprugut alimwonyesha kiti.

"Fumba macho, mama mwenyekiti. Haya, niambie huyo mtangazaji anasema nini."

Wangeci akafumba. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. "Stima ya huku ni mbovu, umeme unarukaruka," akasema mwishowe. "Yangu hailii."

"Yako iko bondeni. Mhindi aliwaambia."

"Mzee, nikiwabadilishia nyinyi, watasema Chelagat amepewa ya maana kuliko wengine. Na unajua watataja nini baada ya hapo."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba mama huyu hakuwa akidanganya.

"Kwa hivyo mtoto wangu akimbie nisimsikie, ndio watu wasiongee?"

Wangeci aliangalia nje dirishani. "Jumamosi njooni kwangu," akasema.

Kiprugut hakuwa amekanyaga Lanet tangu Desemba. Alikwenda akiwa amekaza taya, akakaa mbele ya plasma iliyokuwa pacha wa ile yao, na haikutoa hata mnong'ono. Alisikia bunduki ya kuanzisha mbio. Alisikia mzunguko wa kwanza, miguu imesongamana kama mvua juu ya mabati, kisha ikatawanyika. "Wa tano," Chelagat alinong'ona. "Wa nne. Amemkaribia huyo wa tatu. Mzee, amemkaribia."

Jepkorir alimaliza wa nne. Waliochaguliwa walikuwa watatu.

Wangeci alileta chai. "Pole. Lakini si umeona, hii TV ni nzuri."

"Ni nzuri hapa," Kiprugut akasema. "Msichana wangu amekosa kwa hatua moja, na hiyo hatua nimeisikia. Kwangu mlitaka nisikie nzi. Jumatatu ile kitu inarudi dukani."

"Na wanawake niwaambie nini?"

Chelagat akaweka kikombe chini. "Wewe usiwaambie kitu. Nitawaambia mimi. Na atakayecheka aje Mau Narok, akae kwa kile kiti, afumbe macho."

Kiprugut akageuza uso upande wa mkewe. Kisha akanyoosha mkono, akitafuta chai yake.