Mgeni Aliyetaka Majina ya Koo

Mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, wageni walizidi kijijini Mpepai. Mmoja wao, Hamphrey, hakutaka kahawa. Alisema Wamatengo, wenyeji wa hapo, ni uzao wa makabila kumi ya Israeli yaliyopotea, naye amekuja kuandika majina ya koo zote na mipaka ya mashamba yao.

Watu walifurahi sana. Lakini Avelina Kapinga, aliyefundisha watoto dini kwa miaka kumi na tisa, aliingiwa na shaka. Mtu anayetafuta Waisraeli ana shida gani na mipaka ya mashamba?

Jumapili, baada ya misa, alimfuata Hamphrey mbele ya watu.

“Karibu, baba. Hayo makabila kumi yalichukuliwa na nani?”

“Na Nebukadneza, mama. Aliyapeleka Babeli.”

“Hao walikuwa watu wa Yuda. Makabila kumi yalichukuliwa na Waashuri, zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo. Unawatafuta watu na hujui nani aliwachukua?”

Hamphrey alicheka, akasema ulimi umeteleza. Mzee Romanus, ambaye shamba lake lilikuwa limeshaandikwa, aliomba kuliona daftari la majina hayo. Hamphrey alilikumbatia. Wanaume wakamzunguka mpaka akalitoa, na Romanus akachana ukurasa wake.

Mchana huohuo mgeni aliondoka, na aliyemtuma hakujulikana kamwe.

Wapo waliomnung'unikia Avelina kwamba amewafukuzia baraka. Hakubishana nao. Wiki iliyofuata alifundisha habari za wafalme wa Israeli, na nyuma ya watoto walikaa wazazi wao.