Njaa Iliyokuja na Vidonge

Mwaka wa pili wa kumeza vidonge, nilikula mbegu za mama.

Nilikuwa nimerudi kuishi naye Mwamapalala baada ya ugonjwa kunitoa kazini, nilikokuwa nafundisha shule ya msingi Dutwa. Ni ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Wiki nzima silali, nahubiri sokoni, nagombana na kila mtu. Kisha miezi siinuki kitandani. Dawa za kliniki ya Bariadi zilinituliza. Lakini zilikuja na njaa ya ajabu. Nilimaliza ugali, nikanawa, na kabla mikono haijakauka nikawa natafuta michembe, vile viazi vitamu vikavu tunavyoweka akiba.

Suruali zote zikanikataa. Kwenda kisimani tu, nahema. Majirani walifurahi.

"Sasa umepona! Ona ulivyonawiri."

Nilicheka nao. Kubisha kulinichosha.

Jumapili moja, mvua za kwanza zikikaribia, mama alienda kanisani. Nilifungua debe la karanga za mbegu nikisema nachukua kiganja kimoja. Aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya maganda.

"Mwanangu, hizo ni mbegu."

"Najua, mayu."

"Si umekula kiporo chote asubuhi?"

"Nimekula. Sishibi. Ni zile dawa, mayu. Tangu nizianze sijawahi kushiba."

Alikaa kwenye kigoda, kanga ya kanisani bado mabegani. "Na mimi nilikuwa namshukuru Mungu unavyonenepa," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ukiziacha, utarudi kule kwa kutolala na kuhubiri sokoni?"

"Nitarudi."

Alichukua ufagio, nikamnyang'anya, nikafagia mwenyewe. Mwaka huo dada yake wa Lagangabilili alimpa mbegu, tukapanda tumechelewa.

Siku ya kliniki ilipofika alivaa viatu akanifuata. Hakuwahi kunisindikiza kabla. Mimi huwa najibu "naendelea vizuri" ili nitoke haraka. Safari hii yeye alitangulia kusema.

"Daktari, mtoto wangu ana njaa. Anakula mpaka analia."

Sikujua kwamba aliwahi kuniona nikilia.

Daktari alinipima uzito, akanizungushia futi kiunoni, akanitoboa kidole. Sukari ilikuwa imepanda, na presha pia. Hakunikaripia. Alisema hata ugonjwa wenyewe huchangia unene na sukari, na dawa ile huongeza hamu ya kula. Angeibadilisha polepole, nisiiache ghafla.

Wiki za kubadilisha zilikuwa ngumu. Usingizi ulikatika, mama akawa ananiangalia usoni kila asubuhi kama anayesoma mawingu. Sikupanda, sikushuka. Njaa ilipungua, na mwili kidogo. Sukari haijatulia, kwa hiyo nimeongezewa vidonge vingine. Nikikutana na watu njiani, sasa wananiuliza mbona nimekonda, naumwa nini. Siku nyingine najibu. Siku nyingine nasalimia tu, napita.