Nilivyokwenda Kuyapima Mawe ya Kumsenga

Mwaka 2013, nikiwa mwalimu wa sanaa Kasulu, padri mmoja mzee alinionyesha mchoro wa msafiri wa Kizungu wa zamani. Mawe saba yamesimama mlimani, marefu kama minara, na watu chini yake wadogo kama sisimizi. Mawe hayo yako Kumsenga, na nilikwisha kusikia kwamba kijiji kinataka kuyavunja yawe msingi wa darasa. Nikampigia simu mwenyekiti wa kijiji.

"Njoo uyapime, mwalimu, utuchoree," akasema. "Yakiwa na maana, tutayaacha."

Niliondoka Kasulu alfajiri moja ya Novemba. Barabara ilikuwa tope tupu. Mara mbili tulishuka kulisukuma basi. Kutoka Kibondo nilipanda pikipiki.

Saa kumi jioni nilifika kwa Mama Kezia, mjane ambaye mawe yamo shambani mwake, katikati ya mihogo. Akanipeleka kuyaona. Nilicheka. Refu kuliko yote lilinifika kifuani! Nikayapima kwa tepu, nikaandika vipimo vyote.

"Yule Mzungu alikuwa mwongo," nikamwambia.

Mama Kezia hakucheka. "Umeyaona kukiwa na jua, mwalimu. Uje asubuhi."

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. "Mwakeye," alinisalimu Mama Kezia kwa Kiha, akatangulia na jembe lake, nami nikampoteza papo hapo. Hakuna ndege aliyelia. Mawe yakaanza kujitokeza moja moja, meusi, yakichuruzika maji, na sikuona yanaishia wapi juu. Nikayahesabu: manane. Nikahesabu tena: manane. Nikarudi nyuma kwa hofu. Kisha la nane likainama, likaanza kulima.

Nilichora harakaharaka, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Jua lilipotoka nikaitazama karatasi. Mama Kezia, ambaye jiwe la karibu naye lilimwishia kiunoni, nilikuwa nimemchora chini ya jiwe hilo kama mtoto anayetambaa. Sikukusudia. Mkono ulikuwa wangu.

Mchana, kabla ya kuondoka, niliweka mezani kwa mwenyekiti karatasi zote mbili, ya vipimo na ya mchoro. Wajumbe wa kamati walipokezana mchoro. Ile ya vipimo hakuna aliyeigusa. Mwenyekiti, mzaliwa wa mlima huohuo, aliutazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni makubwa hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Hatuyavunji."

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Mama Kezia alikuwa mlangoni, ananitazama. Nikakifunga.

Njiani kurudi Kasulu nilimfikiria yule Mzungu. Nilikuwa nimemwita marehemu mwongo kwa sababu tu niliyaona mawe saa tofauti na yeye. Nilijifunza kwamba hofu nayo hupima, na kipimo chake huaminiwa kuliko tepu.

Mawe bado yamesimama. Nasikia wanaokwenda kuyaona siku hizi, wakiwa wameuona mchoro wangu, huwauliza wenyeji yameanza lini kupungua.