Uji Niliompikia Mke Wangu

Laiti ningemkatalia mjomba wa mke wangu. Alikuja nyumbani kwetu Nanganga akitokea Likunja, na unga wa mizizi aliokuwa ameufunga kwenye kitambaa. Akanielekeza nimtilie mpwa wake kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi.

"Usimwambie, mkwe," alisema. "Akijua atawaambia madaktari."

Kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa, mume ni mtu wa kuja tu. Nikakubali.

Mke wangu alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kufika kwenye mapafu. Dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Hospitali moja ya Dar es Salaam ilikuwa inajaribu dawa mpya, bado mwanzoni kabisa, wakitafuta kiasi ambacho mwili wa mtu unaweza kukivumilia. Haikuwa ya kila mgonjwa. Walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima kuona kama kina alama fulani ambayo dawa hiyo huishambulia. Simu ilipokuja kwamba alama ipo, mke wangu alikuwa anapepeta mbaazi.

"Umesikia, mzee? Uvimbe wangu umefaulu. Wewe kidato cha nne ulipata daraja gani vile?"

"La nne."

"Basi uuheshimu."

Alisaini karatasi za kuingia kwenye utafiti mwenyewe, baada ya kuzisoma zote na kuuliza maswali mpaka daktari akaomba maji ya kunywa.

Nilianza kupika uji. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuwasha jiko kwa ajili yake, kwa hiyo alifurahi, akawa anaketi kwenye mkeka kunitazama ninavyokoroga. "Mchungu," alisema siku ya kwanza, akaumaliza. Akaumaliza kila siku.

Kila baada ya wiki tatu tulipanda basi kwenda Dar. Muuguzi alikuwa na swali lake lilelile.

"Mama, kuna dawa nyingine unatumia? Hata ya miti shamba?"

"Hakuna, mwanangu. Natumia uji wa huyu mzee tu, na huo wenyewe ni mateso."

Muuguzi alicheka. Nami nikacheka.

Picha ya pili ilionyesha uvimbe umepungua. Daktari alisema ni dawa yake. Mjomba alisema ni mizizi yake, nami nikamwamini mjomba, nikaongeza kijiko. Halafu damu ikaonyesha ini linaumia. Wakasimamisha dawa ili ini lipumzike. Nyumbani niliendelea na uji, na vipimo alivyofanyiwa hospitali ya Nachingwea vikazidi kuwa vibaya. Tuliporudi Dar, daktari alituuliza tena, akitutazama wote wawili, kama kuna kitu kingine chochote. Mke wangu alisema hapana. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wakamtoa kwenye utafiti, wakiandika kwamba mwili wake umeikataa dawa.

Nilimweleza mke wangu habari za ule unga wiki iliyofuata, kwa sababu alikuwa ameanza kuusema mwili wake kama mtu aliyemwangusha.

"Ule uchungu," alisema. "Nilidhani hujui kupika."

"Nisamehe."

"Nilikuwa nakunywa ili usiache kunipikia." Kisha akasema, "Ungeniuliza, mzee. Mimi ndiye niliyesaini."

Niliacha unga ule, na baada ya muda ini likarudi kuwa zuri. Nikampigia daktari, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema mgonjwa akishakaa nje ya dawa muda mrefu hivyo, kanuni za utafiti hazimruhusu kurudi, tena uvimbe umekwisha kukua.

Mke wangu aliendelea kutaka uji wangu. Niliupika bila kitu, akaonja, akasema sasa hauna ladha kabisa, bora ule wa mwanzo. Tulicheka mpaka akakohoa.

Alifariki kabla korosho hazijaanza kudondoka. Labda ile dawa ingeshindwa mbele ya safari. Daktari hakuwahi kutuahidi kitu. Lakini ilikuwa inamsaidia, na mimi ndiye niliyeikatiza, kwa kijiko, kwa mkono wangu. Nimempoteza mke wangu. Na watu wanaponipa pole wakisema nilimhangaikia kwa kila nililoweza, siwezi kuitikia.