Hereni Nilizoliachia Ziwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu pale Singe, mama aliugua kifua akalazwa, nami nikapelekwa kwa Shangazi Paskalina, dada yake baba. Shangazi aliuza chumvi sokoni Babati. Jumamosi moja akanichukua kwenda kuikwangua kwenye ziwa la Balangida, chini ya mlima Hanang.

Jamani, ule upepo! Ufuo mzima hauna mti wala kibanda, ni magadi meupe tu na mawe meusi yaliyotapikwa na mlima enzi hizo. Vumbi la chumvi lilinichoma macho, gauni likanipanda mpaka kichwani. Nikasema naogopa.

"Afadhali uogope," shangazi akasema. "Mgeni wa mara ya kwanza haondoki na chumvi ya hapa bure. Anaacha kitu anachokipenda chini ya jiwe. La sivyo ziwa linajichagulia lenyewe." Kisha akaongeza, "Na mama yako yuko kitandani."

Ni kweli wazee waliacha kitu, ila walikuwa wanaacha punje za mtama. Hilo nimekuja kulijua ukubwani. Mimi nilikuwa na hereni za dhahabu alizonivalisha mama. Nikazivua, nikazifukia chini ya jiwe nililoonyeshwa. Masharti yalikuwa mawili: usigeuke nyuma, usimwambie mtu. Nikatangulia. Shangazi alibaki kufunga viroba.

Mama akapona, akarudi nyumbani, akauliza hereni ziko wapi. Nikasema zimepotea. Alinichapa, nikavumilia, na moyoni nilijiona shujaa.

Miezi michache baadaye Regina, binti wa shangazi, alipokea Komunyo ya kwanza. Alikuwa amezivaa. Zile zile, moja na kile kipini chake kilichopinda.

Mnadhani nilikasirika? Niliogopa. Kumbe ziwa halikupewa kitu! Mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya shule, nilisimama mlangoni kwa mama kuangalia kama blanketi linapanda na kushuka. Akikohoa tu, naiacha chai, narudi mlangoni kwake. Hasira ilikuja baadaye, na haijaondoka. Shangazi namwamkia shikamoo, basi.

Mwaka jana ndipo nikamsimulia mama habari ya lile jiwe, nikitegemea atawaka. Aliendelea kuchambua maharage.

"Mbona nilijua," akasema. "Niliziona siku ile ile kanisani."

"Ukanyamaza? Na ulishanichapa!"

"Sasa ningegombana na wifi yangu kwa ajili ya hereni? Tungeishije na ukoo wa baba yako?"

Katika kusimulia nilikuwa sijafika kwenye ule mwaka wa kumlinda mlangoni. Nikaishia hapo, nikasogea kumsaidia kuchambua. Naelewa, alikuwa mke kwenye ukoo wa watu, anatafuta amani. Lakini shangazi aliniibia mara moja, likaisha. Mama alijua kwamba sikupoteza kitu, na bado kwa miaka yote ile, mgeni akija, alinitambulisha kama yule mtoto wake asiyejua kutunza vitu.